Je, wajua kwa nini simu mbili zenye tundu moja hazichaji sawa?

Chukua simu mbili zenye tundu la USB-C, uzichomeke kwa zamu kwenye chaja ile ile, kwa waya ule ule. Moja inaweza kujaa upesi, nyingine ikasuasua kwa saa kadhaa. Wa kwanza kulaumiwa huwa betri, kisha chaja inaambiwa ni feki. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Tatizo ni kwamba simu na chaja hazikuelewana, na neno hilo nalitumia kwa maana yake halisi, kwa sababu ndani ya tundu lile vifaa hivi huzungumza.

USB-C ina pini 24, zimepangwa juu na chini kwa namna ambayo ukigeuza waya bado zinakutana. Kati ya hizo zipo mbili ambazo kazi yake ni kutambua kilichochomekwa. Chaja ya USB-C haimwagi umeme mara moja. Husubiri kwanza ihisi kwamba upande wa pili kuna kifaa kinachohitaji chaji, ndipo itoe volti 5. Kama zote zinajua utaratibu unaoitwa USB Power Delivery, au PD, chaja hutaja viwango inavyoweza kutoa, kwa mfano volti 5, 9, 15 au 20, na simu huchagua kinachoifaa. Zisipoelewana, zinabaki kwenye volti 5 zile za mwanzo. Simu itachaji, ila polepole.

Hapo ndipo kampuni zilipogawanyika. Baadhi zilibuni lugha zao za kuchaji kwa kasi: Oppo ina VOOC, Huawei ina SuperCharge. Ukitaka kasi yote iliyotangazwa, unahitaji chaja inayoijua lugha hiyo, na mara nyingi waya wake pia. Tundu ni la wote, kasi ni ya wenye chaja yao.

Kwa hiyo wanaouliza kama watengenezaji wote wahamie kwenye tundu moja, jibu langu ni ndiyo, tena bila kusita, lakini swali hilo ni nusu tu ya jambo. Umoja wa Ulaya uliliona hilo. Mwaka 2009 soko lake lilikuwa na aina zipatazo 30 za chaja za simu. Makubaliano ya hiari yalizipunguza hadi tatu, huku Apple ikibaki na tundu lake, Lightning. Tarehe 4 Oktoba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha sheria kwa kura 602 dhidi ya 13, na tangu 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko, zile zinazochajiwa kwa waya, lazima ziwe na USB-C. Apple ilishabadilika Septemba 2023, ilipotoa iPhone 15. Sehemu ninayoithamini zaidi katika sheria hiyo haisemwi sana: simu inayochaji kwa zaidi ya wati 15 lazima ielewe PD pia, hata kama ina lugha yake ya nyumbani. Na mnunuzi aweze kununua simu bila kupewa chaja nyingine. Ulaya ilikadiria kwamba chaja zinazotupwa au kukaa bila kutumika huko ni tani 11,000 kwa mwaka.

Apple ilipinga ikisema sheria ya namna hii itakwamisha ubunifu. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa: laiti mwaka 2009 sheria ingelazimisha simu zote zitumie tundu la zamani la Micro-USB, huenda USB-C, iliyotoka 2014, ingepata shida kuingia sokoni. Lakini sheria ya sasa inaruhusu kiwango kubadilishwa teknolojia ikisonga mbele. Tena tundu la Lightning lililotetewa kwa jina la ubunifu lilikaa kwenye iPhone tangu 2012 hadi 2023, na kasi yake ya kuhamisha data kwenye simu hizo ilibaki ile ya USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000.

Kinachonikera zaidi ni waya. Nyaya mbili za USB-C zinaweza kufanana kama mapacha, mmoja ukapitisha wati 60 na mwingine wati 240. Waya wa kupitisha zaidi ya ampia 3 unatakiwa kuwa na chipu ndogo ndani inayotaja uwezo wake. Chaja isipoisikia, inajizuia isije ikauunguza. Data nayo ni hivyo hivyo: upo waya wa megabiti 480 kwa sekunde na upo wa gigabiti 40, vichwa vikiwa vile vile. Shirika linalosimamia USB limeshatoa alama za kuchapwa kwenye nyaya, zenye namba 60W au 240W, lakini nyaya nyingi bado zinauzwa bila namba yoyote. Ukinunua, itafute namba hiyo kwenye kichwa cha waya, kisha tazama kama chaja imeandikwa PD.