DSLR ya ndoto: kioo ndicho chenye amri

Karibu kila mpenzi wa kamera ameshawahi kuchora ya kwake, hata kama ni kichwani tu. Ina fremu kamili, yaani sensa (kipande kinachonasa picha) ya milimita 36 kwa 24, ni DSLR, yaani ina kioo ndani kinachopandisha mwanga wa lenzi hadi kwenye jicho la mpiga picha, na bodi yake ni nyembamba ya kuingia kwenye mfuko wa koti. Mwaka 2020 Canon ilitoa EOS-1D X Mark III, Nikon ikatoa D780 na D6, na baada ya hapo hakuna hata moja kati ya kampuni hizo mbili iliyoleta DSLR mpya ya fremu kamili. Uwanja umebaki kwa wachoraji, na wengi wao wanachora kamera isiyoweza kutengenezwa.

Dhana sugu kuliko zote ni ya bodi nyembamba: teknolojia imekua, watapunguza tu. Watapunguza wapi? Kioo cha DSLR hulala mshazari wa nyuzi 45 mbele ya sensa, kisha hunyanyuka kila unapopiga, kwa hiyo kinataka nafasi ya kulala na nafasi ya kunyanyukia. Ndiyo maana katika kamera za Nikon F, kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye sensa ni milimita 46.5, kipimo kisichobadilika tangu 1959. Canon EF ni 44. Nikon Z, isiyo na kioo, ni 16. Hizo sentimita tatu zilizopungua zilikuwa makazi ya kioo, kikirudi, zinarudi. Na usinitolee mfano wa kamera za filamu zilizokuwa nyembamba: filamu ilikaa ikigusana na mlango wa nyuma, lakini nyuma ya sensa kuna saketi, halafu skrini. Nikon Df ya 2013, iliyovishwa sura ya kizamani kwa makusudi na hata kunyimwa video, bado ina unene wa milimita 66.5.

Wapo wanaosema, basi kioo kibaki lakini kipitishe mwanga, ili jicho na sensa vione kwa pamoja. Canon Pellix ilishafanya hivyo mwaka 1965, enzi za filamu: takriban thuluthi ya mwanga ilipandishwa kwenye kitundu cha kuchungulia, na picha ikapata uliobaki. Sony A99 ya 2012 ilirudia mbinu hiyo kwenye fremu kamili, safari hii mwanga uliochotwa ukilisha fokasi, na mpiga picha akachungulia kiskrini cha kielektroniki. Yaani mwanga umepungua, na jicho halikupata kile kilichowafanya watu waipende DSLR.

Fokasi inayoshika jicho la mtu hata akisimama ukingoni mwa fremu nayo hugonga kioo hichohicho. Unapochungulia, sensa kuu imefunikwa, haioni kitu. Fokasi hutegemea kioo kidogo kilicho nyuma ya kile kikubwa, kinachotupa mwanga chini kwenye sensa yake ya pekee, ndiyo maana nukta za fokasi husongamana katikati. Kasi pia: EOS-1D X Mark III hupiga picha 16 kwa sekunde kupitia kioo, na 20 kioo kikiwa kimenyanyuliwa. Kamera ni ileile!

Si kila ndoto ni ya kukatiwa tamaa. Kuna wanaoamini sensa yenye kutuliza mtikisiko haiwezi kukaa na kioo. Sony A900 ilikuwa nayo mwaka 2008, na Pentax K-1 mwaka 2016.

Halafu megapikseli. Husemwa kwamba pikseli chache ndizo zinazoona gizani. Ukichapa picha mbili kwa ukubwa uleule, moja ya megapikseli 45 na nyingine ya 16, zote za fremu kamili na za kizazi kinachokaribiana, tofauti ya chenga ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu eneo lililokusanya mwanga ni lilelile. Mimi ningechukua nyingi.

Ningechora wapi, basi? Kwenye betri. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, Nikon D850 hupiga picha 1,840 kwa chaji moja. Nikon Z 7, isiyo na kioo na yenye betri ya familia hiyohiyo, 330. Kitundu cha kioo hakili umeme kukuonyesha bibi harusi anayeingia ukumbini. Ningekipa nafasi kubwa zaidi na kuachana na wembamba.

Kilichobaki ni lenzi, na hapa wachoraji hujidanganya kwamba adapta itamaliza kila kitu. Adapta ni pete yenye unene, hivyo husogeza lenzi mbele, kamwe haiisogezi nyuma. Lenzi ya zamani ya F hukaa vizuri kwenye bodi ya Z. Lenzi ya Z haiwezi kufanya kazi kwenye bodi yenye kioo. Hata tofauti ndogo huuma: lenzi za Canon FD zilitaka milimita 42, EF ilipokuja mwaka 1987 ikataka 44, na hizo mbili tu zinatosha FD isifike fokasi ya mbali bila kuongezewa lenzi ndogo ya kusahihisha. Anayeanza mchoro leo achague kwanza mfumo wa kufungia lenzi, F, EF au K ya Pentax, ndipo achore bodi.