Mchujo ukiharibika, wingi wa kura haukuokoi

Wiki hii tena. Mteja kaingia ofisini, simu imejaa video za mkutano wa hadhara, vuvuzela, vijana wamepanda juu ya miti, namuuliza fomu za matokeo ya mchujo, zile kura za ndani ya chama za kumpata mgombea, ziko wapi ananijibu, "Wakili, hayo ya ndani ya chama yataisha, tukishinda kwa debe nani atauliza?" Nimeisikia hii hadi nimechoka, na wanaoisema ni watu wazima wameuza mashamba ili wagombee.

Dhana: ukishinda kwa kura nyingi, makosa ya mchujo yanafutika.

Ukweli: hayafutiki! Kila mteja namsimulia ya jimbo la Zamfara, Nigeria. Mwaka 2018 chama cha APC ndicho kilikuwa kinatawala huko, lakini ndani kulikuwa na mirengo miwili, wa gavana Abdulaziz Yari aliyekuwa anamaliza muda wake na anamtaka Mukhtar Idris amrithi, na wa seneta Kabiru Marafa ambaye naye alikuwa anautaka huo ugavana. Wakavutana wee mpaka siku ya mwisho ya mchujo, 7 Oktoba, ikapita, na tume ya uchaguzi INEC ikawaandikia kwamba kwa rekodi zake hamna mchujo uliofanyika kwa hiyo hamna mgombea. Wakakimbilia mahakamani, mahakama ya Gusau, mji mkuu wa jimbo, ikasema mchujo ulikuwepo, INEC ikawarudisha kwenye karatasi ya kura, na hapo ndipo watu walijidanganya, wakadhani kuwa kwenye karatasi ni kuwa salama.

Machi 2019 Idris akapata kura 534,541, Bello Matawalle wa chama pinzani cha PDP 189,452. Sasa kwa hesabu ya mteja wangu si mambo yameisha hapo? Tarehe 24 Mei, siku tano kabla ya kuapishwa, kesi ikiwa imepanda kwa rufaa, Mahakama ya Juu ikasema APC haikufanya mchujo halali, hivyo kura zake zote ni za bure, hazihesabiki kwa yeyote, na washindi ni wale wa vyama vingine waliofuata kwa wingi wa kura na kwa mtawanyiko unaotakiwa kisheria, yaani kura zitoke maeneo ya kutosha. Sio ugavana peke yake jamani, na maseneta watatu, na wabunge saba, na viti 24 vya bunge la jimbo. Yari mwenyewe alikuwa ameshinda useneta, ukaenda. Matawalle akaapishwa 29 Mei.

Eti mahakama iliwapora wananchi? Mimi nasema waliowapora ni wale viongozi walioshindwa kuwapigisha wanachama wao kura kwa wakati, maana sheria haimjui mgombea ambaye chama hakikumteua kihalali, hata angepigiwa na jimbo zima.

Dhana nyingine, makao makuu yakikuunga mkono umemaliza. Hapana. Mwenyekiti wa taifa wa APC, Adams Oshiomhole, aliitetea APC ya Zamfara kwamba wagombea walikubaliana wenyewe nani asimame, haikusaidia kitu.

Kwamba mirengo inagombania sera: sijawahi kuona. Inagombania orodha ya wajumbe na nani ateue. Mwaka 2021 Matawalle alipohamia APC, Yari na Marafa wale wale wakajikuta upande mmoja dhidi yake.

Na kwamba mrengo mmoja ukipigwa mwingine unarithi tikiti, hii nayo acheni. Jimbo la Rivers, huko huko Nigeria, uchaguzi ule ule wa 2019, ndani ya APC upande wa Tonye Cole na upande wa Magnus Abe wote walitupwa nje, mpiga kura akafika kituoni hakuna APC kwenye ugavana, na Nyesom Wike wa PDP akarudi ofisini.

Kwa hiyo ukija kwangu acha video nyumbani. Niletee notisi ya mchujo yenye tarehe, orodha ya wajumbe, fomu ya matokeo iliyosainiwa kila kata, na jina la afisa wa tume aliyekuwepo pale akiangalia. Na uje wiki ile ile ya mchujo, usingoje kampeni zianze.