Upweke ndani ya ndoa: yanayopaswa kueleweka kabla ya kuomba ushauri au kitalu

Tangu ilipotangazwa kampeni ya vitalu vya wanandoa, yaani bustani ndogo ambazo mume na mke huomba ili wazihudumie pamoja, kitengo chetu cha ushauri wa familia kimepokea malalamiko mengi kuliko maombi, na sehemu kubwa ya malalamiko hayo inatokana na kutofahamu huduma hii ni ya nini na si ya nini. Wapo wanaosema walikuja kuomba bustani wakaishia kuulizwa maswali ya nyumbani kwao, wapo wanaosema fomu zao zilirudishwa bila sababu, na wapo wanaotuandikia wakitaka tumwite mume au mke "aje ajieleze". Makala haya yanakusudia kuweka mambo hayo sawa, na yanaanza na upweke wenyewe kwa kuwa huko ndiko kutoelewana kunakoanzia.

Upweke na kuishi peke yako ni vitu viwili. Shirika la Afya Duniani huueleza upweke kuwa ni maumivu yanayotokana na pengo kati ya uhusiano ambao mtu anautamani na ule alio nao, na huutenganisha na hali ya kukosa watu, ambayo mtu wa nje anaweza kuiona na kuihesabu. Kwa maana hiyo mtu anaweza kuishi peke yake akawa na amani, na mwingine akalala kitanda kimoja na mwenzake kila usiku huku akiwa mpweke kabisa. Hili si jambo jipya kwa wataalamu: mwaka 1973 mwanasosholojia Robert Weiss alikwisha kutofautisha upweke wa kukosa jamii inayokuzunguka na upweke wa kukosa mtu mmoja wa karibu, akaonyesha kwamba mmoja hauponywi kwa dawa ya mwingine. Ndiyo maana kumwambia mke anayelalamikia ukimya wa mumewe ajiunge na kikundi, au kumwambia mume asiye na rafiki hata mmoja kwamba mke anamtosha, ni ushauri unaotolewa kwa nia njema lakini usiogusa tatizo.

Ni kweli kwamba, kwa ujumla, walio katika ndoa huripoti upweke kwa kiwango kidogo kuliko wasio nayo. Hilo halimaanishi kwamba ndoa ni kinga, na tungeomba wazazi, mashemeji na viongozi wa dini wanaotuletea wanandoa waache kuanza mazungumzo kwa maneno "una mume, una watoto, unataka nini tena?" Anayeulizwa hivyo mara moja haulizwi mara ya pili, kwa sababu hatasema tena. Vilevile tumechoka, kwa kusema kweli, kusikia kwamba upweke ni tatizo la wenye nafasi. Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Juni 2025 ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaathiriwa na upweke, na kwamba vifo takribani 871,000 kila mwaka vinahusishwa nao. Katika nchi zenye kipato cha chini waliosema wanahisi upweke walifikia asilimia 24 hivi, ilhali katika nchi tajiri walikuwa kama asilimia 11. Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018 na Japani ikafanya hivyo mwaka 2021, na hakuna serikali inayoteua waziri kwa ajili ya deko.

Nyumbani upweke huanza taratibu. Mara nyingi huanzia mahali ambapo mazungumzo yamebaki kuwa ya uendeshaji: nani atamchukua mtoto, bili imelipwa au bado, fundi anakuja lini. Mambo hayo lazima yasemwe, lakini nyumba ambayo hayasemwi mengine huwa kama ofisi ya watu wawili wenye zamu. Mtafiti wa Marekani John Gottman aliwafuatilia wanandoa wapya kwa miaka 6 akichunguza kitu kidogo sana, yaani jinsi kila mmoja anavyoitika mwenzake anapotupa neno la kutaka kusikilizwa: "tazama yule ndege", "leo kazini nimecheka", au pumzi tu iliyoshushwa kwa nguvu. Waliobaki pamoja walikuwa wameitika takribani mara 86 katika kila 100, na walioachana kama mara 33. Tunazitaja takwimu hizi kwa tahadhari, kwa sababu tayari wapo waliokuja na daftari la hesabu za mwezi mzima kumshtaki mwenzao. Lililo muhimu kwa raia ni kujua kwamba kuitika huko ni kwa sekunde chache, na kwamba simu mkononi ndicho kitu cha kawaida kinachozuia kuitika huko, hata kama kosa si la simu peke yake.

Anayehisi upweke anapaswa kulisema jambo hilo kwa mwenzake kabla ya kulileta kwetu, isipokuwa katika hali nitakazozitaja hapa chini. Alitaje akiwa ametulia, si katikati ya ugomvi wa jambo jingine, na aombe kitu kinachoweza kutendeka. "Hunijali" ni hukumu, na mtu akihukumiwa hujitetea. "Ningependa tuketi baada ya watoto kulala, hata kwa dakika 20, simu zikiwa chumbani" ni ombi, na linaweza kujibiwa kwa ndiyo, hapana au kesho. Inafaa pia kutafuta chanzo kabla ya kumtafuta mkosaji. Kujifungua, kufiwa, kustaafu, kuhama, zamu za usiku, kumuuguza mzazi kwa muda mrefu: yote haya huwatenga watu wanaopendana, wala hakuna aliyekusudia. Na kila mmoja abaki na ndugu na marafiki zake, kwa sababu mwenzi mmoja hawezi kuwa kijiji kizima.

Sasa kuhusu bustani. Kampeni hii haikubuniwa kwa imani kwamba udongo unaponya ndoa, na yeyote aliyewaambia wananchi hivyo hakutumwa na sisi. Sababu yetu ni ya kawaida zaidi. Watu wengi, hasa wanaume waliofunzwa tangu utotoni kutosema, huona ugumu wa kuzungumza wakiwa wameketi uso kwa uso kana kwamba wako mbele ya hakimu, lakini huzungumza mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini. Palizi inatoa nafasi hiyo. Bustani pia hudai watu warudi kesho, kwa saa ileile, jambo ambalo ahadi ya "tutazungumza siku moja" haidai.

Tulikuwa na wenzi ambao miche yao iliendelea kufa kitaluni. Nilipoinama kuitazama, mashina yalikuwa yamelegea na kuoza pale yanapokutana na udongo, na mingine ilikuwa imelala ubavu ikiwa bado na majani mabichi. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, unaoletwa na vimelea vya ukungu, hasa mbegu zinaposongamana na udongo unapokuwa chepechepe muda wote. Bibi alikuwa anamwagilia alfajiri kabla ya kwenda kazini, na bwana alikuwa anamwagilia jioni akirudi, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hajagusa ndoo. Waliishi hivyo kwa wiki mbili. Sisemi hivi kama fumbo. Ni maelezo ya kitaalamu ya jinsi kitalu kilivyokufa. Tuliwashauri wapande upya kwa kuachanisha mbegu, kila mbegu ikifukiwa kwa kina cha mara mbili hadi tatu ya unene wake, wamwagilie asubuhi tu, na kabla ya kumwagilia mmoja achomeke kidole udongoni kisha amwambie mwenzake alichokikuta. Bwana aliuliza kwa nini asiandike tu kwenye karatasi. Aliambiwa aseme kwa mdomo.

Kwa wanaoanza, tunapendekeza mboga za majani au maharage, kwa sababu huota ndani ya siku chache na hazimkatishi tamaa asiye mzoefu. Kitalu kiwe kidogo kiasi kwamba mtu anaweza kufika katikati akiwa amesimama pembeni. Mboji ichanganywe vizuri na udongo, samadi iwe imeoza kabisa, matandazo yawekwe miche ikishasimama, na kila anayeshika udongo avae glavu na ahakikishe chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati. Kazi zigawanywe kwa namna ambayo angalau moja lazima ifanywe na wote wawili kwa wakati mmoja. Kupunguza miche kunafaa sana kwa lengo hilo, kwa sababu kunahitaji uamuzi: upi ung'olewe na upi ubaki. Tumeona watu waliokuwa hawajabishana kwa utulivu kwa miaka wakibishana kwa utulivu juu ya mche.

Tuwe wakweli pia kwamba bustani inaweza kuwa maficho. Mtu anayeshinda kwenye matuta kuanzia mchana hadi giza, akija ndani kula na kulala tu, amehamisha ukimya kutoka sebuleni kwenda uani. Mwenzake akilalamika huambiwa "si afadhali kuliko baa?" Hilo si jibu.

Suala moja halina mjadala. Viuatilifu havihitajiki katika kitalu cha ukubwa huu. Wadudu wachache huokotwa kwa mkono. Nyumba ambayo tayari inavyo ivihifadhi katika kasha lenye kufuli, nje ya vyumba vya kuishi, katika chupa zake za asili zenye lebo, na nyumba yenye mtu aliyekata tamaa isikae navyo kabisa. Sri Lanka ilipopiga marufuku hatua kwa hatua viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa takribani asilimia 70 katika miaka 20 kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Kuondoa sumu nyumbani huokoa maisha, kwa sababu wakati wa hatari zaidi mara nyingi ni mfupi na hupita.

Zipo hali ambazo hazipaswi kuletwa kwenye kitalu wala kusubiri mazungumzo ya nyumbani. Mwenzi anayekupiga, anayekutishia, anayekunyang'anya simu au kukukataza kuonana na ndugu zako hajakuacha mpweke kwa bahati mbaya. Amekutenga, na suala hilo ni la ulinzi, hivyo uje peke yako bila kumjulisha. Vivyo hivyo, mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi amepoteza hamu ya karibu kila kitu, halali au analala kupita kiasi, amwone daktari, kwa sababu sonona ni ugonjwa unaotibika. Anayewaza kujidhuru apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Kuhusu utaratibu, ambao ndio chanzo cha malalamiko mengi: maombi hufanywa kwa fomu moja yenye sehemu mbili, na kila mwenzi hujaza na kusaini sehemu yake mwenyewe. Fomu iliyojazwa kwa mwandiko mmoja sehemu zote mbili hurudishwa, isipokuwa pale ambapo mmoja hawezi kusoma au kuandika. Katika hali hiyo afisa atamsomea na kuandika kwa niaba yake mbele ya shahidi ambaye si mwenzi wake. Baada ya fomu kupokelewa, kila mmoja huonwa peke yake kabla ya kuonwa pamoja, na anayosema akiwa peke yake hayapelekwi kwa mwenzake bila ridhaa yake, ila pale maisha ya mtu au usalama wa mtoto unapokuwa hatarini. Maswali ya nyumbani ambayo wengine wameyalalamikia huulizwa katika hatua hii. Hatuna mamlaka ya kumlazimisha mtu kuja. Barua yetu ni mwaliko, na anayemwonyesha mwenzake barua hiyo akisema "umeitwa na serikali" anajiharibia mwenyewe, kwa kuwa jambo la kwanza tunalomwambia mgeni akifika ni kwamba yuko huru kuondoka.

Miadi inayokosekana bila taarifa ya saa 24 huhesabiwa. Ikikosekana miwili mfululizo, jalada hufungwa na waombaji hurudi mwisho wa orodha. Kitalu kilichoachwa bila kuhudumiwa kwa siku 21 hupewa wengine, na onyo la maandishi hutolewa siku ya 14. Dharura kama ugonjwa au msiba hazihesabiwi ilimradi zitolewe taarifa, hata kwa simu. Kitalu kinachohudumiwa na mmoja tu kwa muda wote hakinyang'anywi, lakini huitiwa kikao, kwa kuwa kimeacha kuwa kile kilichoombwa. Anayerekodi kikao kwa siri na kuisambaza sauti ya mwenzake kwenye makundi ya simu huondolewa katika huduma mara moja, na aliyerekodiwa hushauriwa juu ya haki zake kisheria. Adhabu hii haipunguzwi kwa maelezo kwamba ilisambazwa kwa ndugu pekee.

Mwombaji ambaye mwenzake amekataa kabisa kuja bado anapokelewa. Atajaza sehemu yake, ataacha ya pili wazi bila kuandika chochote, na atapangiwa ushauri wa mtu mmoja kwa vikao visivyozidi 6. Kitalu hatapewa kwa sasa. Sehemu ya pili ya fomu hubaki wazi kwa miezi 3, na mwenzi akibadili mawazo ndani ya muda huo atasaini fomu ileile, bila kuanza upya na bila kuulizwa kwa nini alichelewa.