Hiyo "kwa" imetutesa vya kutosha

Wiki hii tena. Mama amezika mwanawe, udongo wa kaburi haujakauka, na mtu mwenye Biblia mkononi anamwinamia: "Shukuru, mama. Neno linasema kwa kila jambo." Nimekaa na wafiwa miaka mingi, sentensi hiyo naijua kabla haijamtoka mtu mdomoni. Safari hii nilimkatiza. Sijivunii, ila sijutii sana.

Shida ni silabi moja. Katika 1 Wathesalonike 5:18 tunasoma "shukuruni kwa kila jambo". Sasa "kwa" yetu ni kibarua wa kazi zote: tunakwenda kwa miguu, tunalia kwa uchungu, tunafika kwa jirani, tunaadhibiwa kwa kosa. Msomaji hudaka hiyo ya mwisho, ya sababu: mtoto amekufa, basi shukuru kwa kuwa amekufa. Paulo aliandika kwa Kiyunani *en panti*, yaani ukiwa katika hali yoyote ile. Umo ndani ya msiba na bado yupo wa kushukuriwa. Msiba wenyewe hujaambiwa uushukuru. Mtu akiniambia hayo ni mambo ya wasomi, namwuliza angependa kuambiwa lipi siku ya kuzika kwake.

Tazama Yohana 11. Mstari wa 35 Yesu analia, mstari wa 41 anashukuru. Hakushukuru kwamba Lazaro amekufa; alishukuru kwamba Baba amemsikia. Wala hakungoja machozi yakauke kwanza.

Najua, najua: utanitajia Waefeso 5:20, kumshukuru Mungu sikuzote kwa mambo yote. Pale Kiyunani ni *huper*, na hiyo kweli ni "kwa ajili ya" mambo yote. Wapo wanaosema "yote" hapo ni mema yote tuliyopewa katika Kristo. Hivyo ndivyo ninavyofundisha, na natamani ningekuwa na uhakika zaidi ya nilio nao.

Zoezi lenyewe la kushukuru kila siku halina makuu. Usiku, kabla hujaomba chochote, taja vitu vitatu vya siku hiyohiyo. "Asante kwa uhai na afya" haihesabiki, hiyo ulimi huisema wenyewe huku akili imelala. Nani alikupigia simu? Alisema nini? Ignatius wa Loyola, padri mwanzilishi wa Wajesuiti, karne ya 16, aliitanguliza shukrani kabla ya mtu kuzichunguza dhambi zake za siku, na kwangu mpangilio huo umezaa kuliko ule wa kuanza na majuto. Halafu tafadhali, usiifanye shukrani kuwa rushwa ya kufungulia baraka ijayo. Hilo nitalikasirikia siku nyingine.

Na usiku ambao huoni kitu? Andika tarehe, soma Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani, ulale. Daftari langu lina kurasa kadhaa zenye tarehe tupu.

Yule mama nilimsomea zaburi hiyo. Akaniuliza kama imo kweli kwenye Biblia au nimeitunga mwenyewe.