Sisimizi wanaokatana miguu, na jeraha lako: maswali na majibu

Ni kweli kwamba sisimizi hufanyiana upasuaji?

Ni kweli. Mwaka 2024 watafiti akiwemo Erik Frank wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walieleza walichokiona kwa sisimizi wa Florida aitwaye *Camponotus floridanus*. Mmoja akijeruhiwa paja, wenzake hulilamba jeraha, kisha hupanda hadi pale mguu unapoungana na mwili na kung'ata, wakirudia rudia, mpaka mguu ukatike. Ganzi hakuna, na bado mgonjwa hutulia akatoa mguu wake ukatwe. Mimi hapo ndipo ninapostaajabu zaidi.

Na inasaidia: walioachwa bila tiba walipona chini ya asilimia 40, waliokatwa walipona zaidi ya asilimia 90.

Kila mguu uliojeruhiwa hukatwa?

Hapana. Jeraha likiwa chini, kwenye muundi, sisimizi hawakati kabisa. Hulamba tu, kwa muda mrefu. Ungedhani mambo yangekuwa kinyume, kwa kuwa jeraha la chini liko mbali na mwili. Siri iko kwenye misuli. Paja la sisimizi limejaa misuli inayosaidia kusukuma damu yake. Misuli hiyo ikiumia, damu hupungua kasi, na bakteria nao huchelewa kuingia mwilini. Muundi una misuli michache, kwa hiyo jeraha lake halizuii damu kwenda mbio, na bakteria huenda nayo. Kukata mguu huchukua dakika 40 au zaidi. Kwa jeraha la muundi, kazi ingemalizika bakteria wamekwisha kupita.

Madaktari wetu nao wanapoamua kama kiungo kikatwe au kisafishwe kibaki, hutazama uchafuzi umefika wapi na muda uliobaki.

Wapo wanaotumia dawa?

Wapo, barani Afrika. Sisimizi aitwaye *Megaponera analis* huwinda mchwa, na vita hivyo huwaacha wengi na majeraha. Majeruhi hubebwa nyumbani. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wauguzi wao hutambua jeraha lililoingiwa na bakteria, kisha hulipaka majimaji kutoka kwenye tezi iliyo ubavuni. Tiba hiyo ilipunguza vifo kwa takribani asilimia 90. Bakteria mmojawapo aliyehusika, *Pseudomonas aeruginosa*, ni yule yule anayesumbua vidonda vya wagonjwa hospitalini. Wale wa Florida hawana tezi hiyo. Labda ndiyo maana wao hukata.

Na wanyama walio karibu nasi zaidi?

Mwaka 2022, huko Sumatra, Indonesia, orangutani (mnyama wa jamii ya sokwe) dume aitwaye Rakus alitafuna majani ya mmea wa kutambaa, akapaka maji yake kwenye jeraha la shavuni, kisha akalifunika kwa makapi. Siku tano baadaye jeraha lilikuwa limefunga. Ni kisa kizuri, lakini ni mnyama mmoja, na jeraha huenda lingepona lenyewe.

Basi na mimi nilambe jeraha, au nibandike majani?

Usifanye hivyo. Mate ya binadamu yana kemikali zinazosaidia ngozi kufunga, ila kinywa hicho hicho kimejaa bakteria. Mate ya mbwa ni hatari zaidi. Majani yaliyookotwa yanaweza kuwa na udongo, na udongo ndiko viini vya pepopunda vinakoishi.

Fanya hivi: bana jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikatike, lioshe kwa maji safi yanayotiririka, safisha ngozi inayolizunguka kwa sabuni, kisha lifunike.

Wakati gani niende kituo cha afya?

Jeraha likiwa na kina kirefu, likiwa na uchafu usiotoka, au damu ikikataa kukatika. Pia ukiona wekundu unasambaa, usaha, au homa. Ukiwa hukumbuki lini ulichanjwa pepopunda, sema hivyo mapema. Ukiumwa na mbwa au popo, osha kwa sabuni na maji dakika 15 nzima, kisha nenda siku hiyo hiyo ukapate chanjo, hata kama alama ni ndogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mara huua.