Chora Mtandao wa Nyumba Yako Kabla ya Kununua Ruta Nyingine

Kuta za nyumba za kale za Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa, tena nene. Huzuia jua, na waifai pia huizuia. Basi mtu akikosa mtandao chumba cha juu hununua ruta ya pili, fundi akaichomeka palipo na nafasi, kazi ikaisha. Mimi hufundisha mitandao katika chuo cha ufundi, na matatizo mengi ninayoitiwa majumbani huanzia kwenye hiyo ruta ya pili.

Karibuni niliitwa nyumba moja ya ghorofa mtaa wa Mkomani. Printa iko chini, mwenye nyumba hufanyia kazi juu. Laptopu yake inapata intaneti vizuri lakini printa haiioni, na alikwisha kushauriwa anunue printa mpya. Tulisimama kiwandani, yaani uani mwa nyumba, nikamwomba afungue mipangilio ya waifai kwenye simu yake asome anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Ilikuwa 192.168.1.23. Tukapanda juu, akasoma tena: 192.168.0.104.

“Simu ni hii hii, mwanangu, mbona namba imegeuka?”

“Kwa sababu nyumba ina mitandao miwili, mama.”

Kwa ruta nyingi za nyumbani, mafungu matatu ya mwanzo hutaja mtandao na la mwisho hutaja kifaa. Printa ilikuwa kwenye mtandao wa 1, laptopu kwenye wa 0. Printa hujitangaza kwa mwito unaoishia kwenye ruta, hauvuki upande wa pili. Hakuna kilichoharibika.

Tukachukua karatasi tuuchore mtandao. Orodha ya vifaa iliyomo kwenye ukurasa wa ruta husaidia, lakini isikutie hofu ukiona jina usilolijua: simu za miaka ya karibuni hujibadilishia anwani ya kifaa ili zisifuatiliwe. Swichi ndogo za kawaida, vile visanduku vya kuunganishia waya kadhaa, kwa upande wake, hazionekani kwenye orodha yoyote, kwa kuwa hazina anwani. Hizo utazipata kwa kufuata waya kwa mkono. Wetu ulipita nyuma ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukapenya tundu kando ya boriti, ukaingia ruta ya juu kwenye tundu la intaneti, lile ambalo mara nyingi lina rangi yake peke yake. Kosa lilikuwa hapo: waya ukiingia tundu hilo, ruta ya pili huunda mtandao wake yenyewe.

Kulirekebisha kuna utaratibu. Kwanza ingia mipangilio ya ruta ya pili, uipe anwani isiyotumika kwenye mtandao wa kwanza, kwa mfano 192.168.1.2, na uzime DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani. Ndipo uhamishe waya kwenye tundu la kawaida. Ukihamisha waya DHCP ikiwa ingali hai, ruta mbili zitagawa anwani katika mtandao mmoja, na baadhi ya simu zitaelekezwa kwenye ruta isiyo na njia ya kutoka. Leo mtandao upo, kesho haupo, wala hujui kwa nini. Nimeona watu wakihangaika na hali hiyo kwa miezi.

Iwapo shida yako ni intaneti yenyewe, tumia amri ya ping, inayokiita kifaa na kungoja jibu, kwa hatua tatu. Anza na ruta yako. Ikijibu kwa kusuasua, sogea karibu nayo ujaribu tena. Ikitulia, lawama ni ya ukuta au umbali. Kisha 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google iliyoko kwenye intaneti. Ruta ikijibu na hii isijibu, huenda tatizo liko kwa kampuni inayokuuzia huduma, na sasa una la kuwaambia. Mwisho jaribu jina la tovuti: namba ikijibu na jina lisijibu, chunguza DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Kifaa kikikaa kimya usikihesabu kimekufa, kwani kompyuta nyingi zimewekewa ulinzi usiojibu ping. Amri ya arp -a, inayoorodhesha vifaa ambavyo kompyuta yako imevitambua karibuni kwenye mtandao, huweza kukionyesha. Kagua mtandao wako tu. Kuingia wa jirani bila idhini ni kosa kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya uhalifu wa mtandao.

Printa ya Mkomani ilichapa ukurasa wake wa kwanza kabla ya adhuhuri. Ule mchoro mwenye nyumba ameubandika ndani ya mlango wa kabati, na tundu la kila waya limeandikwa kwa wino mwekundu, ili fundi ajaye asianze kwa kuchomoa.