Kisukari cha aina ya 5: sukari inayompata mtu mwembamba

Kampala, Busia, Arua, kote watu wanaona sukari ni ugonjwa wa mwenye kitambi. Ni ugonjwa wa bosi, wa anayekula nyama kila siku na kutembea kwa gari. Kwa hiyo kijana mwembamba, mwendesha boda au mpagazi wa sokoni, akitoka hospitali na habari kwamba ana sukari, majirani humtazama mara mbili. "Huyu alivyokonda hivi, sukari kaipata wapi?" Wapo watakaonong'ona kwamba daktari anaficha Ukimwi au kifua kikuu, maana kukonda na kuchoka wanakujua kwa magonjwa hayo.

Hilo swali lina jibu la kitabibu, ingawa lilichukua muda mrefu kupata jina. Aprili 2025, kwenye kongamano la Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lililofanyika Bangkok, hali hii ilipewa rasmi jina la kisukari cha aina ya 5. Maana yake ni kisukari kinachotokana na kukosa lishe bora kwa muda mrefu, hasa tangu tumboni mwa mama na miaka ya utoto, kiasi kwamba kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, halikukua na uwezo wa kutosha wa kutengeneza insulini inayodhibiti sukari ya damu. Mgonjwa mara nyingi ni kijana, na mwili wake ni mwembamba kupita kiasi. Madaktari hutumia kipimo cha uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na jibu likiwa chini ya 18.5, mtu huyo amekonda. Kwa mtu wa mita 1.70, hiyo ni chini ya kilo 53 na nusu.

Anayeuliza aina ya 3 na ya 4 ziko wapi ana haki ya kuuliza. Katika orodha za kitabibu, nafasi ya tatu hushikwa na kisukari chenye visababishi maalumu, kwa mfano kongosho lililoumia, na ya nne ni kisukari cha mimba.

Kinachoitenga aina ya 5 na zile mbili tunazozisikia kila siku ni namna insulini inavyofanya kazi. Insulini ni homoni itokayo kwenye kongosho. Ndiyo inayoamuru misuli na mafuta yachukue sukari iliyo kwenye damu, na ini liache kumwaga nyingine. Katika aina ya 1, kinga ya mwili huzigeukia seli zinazotengeneza insulini na kuziua, hadi insulini inakaribia kwisha kabisa. Katika aina ya 2, insulini ipo, na mwanzoni huwa hata nyingi kuliko kawaida, ila mwili umekuwa sugu. Ni kama mtu anayepiga hodi kwa nguvu kwenye nyumba ambayo wenyewe wamezoea kelele, hawafungui. Katika aina ya 5, wenye nyumba wanasikia vizuri sana, ila anayepiga hodi hana nguvu mkononi. Insulini ni kidogo, lakini hiyo kidogo iliyopo mwili unaitii.

Jambo hilo lilithibitishwa kwa vipimo vya makini mwaka 2022. Watafiti wa chuo cha tiba cha Albert Einstein huko New York, wakiongozwa na Meredith Hawkins, walishirikiana na hospitali ya Christian Medical College ya Vellore, India. Waliwapima wanaume wembamba wenye kisukari wakawalinganisha na wagonjwa wa aina ya 1, wa aina ya 2 na watu wazima wa afya. Kabla ya hapo wengi walidhani wembamba hao nao wana usugu wa insulini, kama wagonjwa wa aina ya 2. Vipimo vilionyesha vinginevyo: tatizo lao kubwa lilikuwa kutoa insulini kidogo.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Daktari Mwingereza Philip Hugh-Jones aliueleza mwaka 1955 alipokuwa Jamaica. Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha yake mwaka 1985 kama kisukari cha utapiamlo, kisha likauondoa mwaka 1999 kwa maelezo kwamba ushahidi wa kuunganisha njaa na kisukari haukutosha. Kwa miaka zaidi ya 20 ugonjwa ukakosa jina, na ugonjwa usio na jina hautafutiwi pesa za utafiti wala hauandikwi kwenye miongozo ya tiba. Nadhani hilo liliwaumiza wagonjwa wa nchi zetu kuliko tunavyotambua. Makadirio yanayotolewa sasa ni watu milioni 20 hadi 25 duniani, wengi wao Asia na Afrika. Hata leo si wataalamu wote wanaokubali kwamba hii ni aina inayojitegemea.

Uganda inaingia hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni lishe. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Mtu angedhani wengi wako Karamoja, kunakosikika njaa kila mwaka. Kumbe eneo lililoongoza lilikuwa Tooro, magharibi, ambako matoke hayakauki shambani: takriban watoto 4 kati ya 10. Tumbo linaweza kujaa kila siku na mwili ukabaki na njaa, kama kwenye sahani hakuna maharagwe, karanga, mayai, maziwa wala mukene (dagaa). Watoto waliodumaa siku hizo ndio vijana wa kesho. Si kila mmoja wao atapata kisukari, bila shaka. Lakini mtoto aliyejengeka na kongosho dhaifu ana akiba ndogo ya insulini maisha yake yote.

Sababu ya pili ni tafiti zilizofanyika hapahapa. Timu ya daktari Davis Kibirige, kutoka kituo cha utafiti cha MRC/UVRI na LSHTM kilichopo Entebbe, iliwachunguza mamia ya watu wazima waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari na ambao damu yao haikuwa na dalili za aina ya 1. Karibu theluthi moja hawakuwa wanene. Hao walikuwa na mafuta machache ndani ya tumbo, na kongosho lao lilitoa insulini kidogo kuliko la wenzao wanene. Kisha mwaka 2025 ukatoka utafiti mwingine, uliohusisha watoto na vijana 894 wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini ambao wote walikuwa wameambiwa wana aina ya 1. Karibu theluthi mbili hawakuwa na zile kingamwili zinazoonyesha kwamba mwili unajishambulia.

Hapa tusiharakishe. Kutokuwa mnene si sawa na kukonda, na watafiti hawakusema vijana wale wana aina ya 5. Huenda Afrika kuna sura nyingine za kisukari ambazo bado hazijaelezwa vizuri. Kinachoonekana wazi ni kwamba vitabu vilivyoandikwa kwa kuwatazama wagonjwa wa Ulaya na Marekani havitutoshi.

Kwa mgonjwa, jina sahihi lina uzito mkubwa kwa sababu dawa hufuata jina. Mwembamba akiitwa wa aina ya 2 hupewa ushauri uleule wa wote: punguza chakula, punguza uzito. Kumwambia mtu wa kilo 48 apunguze uzito ni kumzidishia ugonjwa! Huyu anahitaji kula zaidi, tena chakula chenye protini. Akiitwa wa aina ya 1, anaweza kuandikiwa insulini nyingi, ilhali mwili wake unaitikia hata kiasi kidogo. Sukari huanguka ghafla, na akiwa ni mtu anayekula mara moja kwa siku, hatari ni kubwa zaidi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Dalili hizo zikianza, apewe mara moja soda yenye sukari au maji ya sukari akiwa bado anaweza kumeza, na akishazimia asimiminiwe kitu mdomoni bali akimbizwe hospitali.

Tiba kamili ya aina ya 5 bado inatafutwa. Wapo wanaotumia insulini kidogo, wapo wanaotumia vidonge vinavyolisukuma kongosho, na wote wanasisitiza lishe.

Kuutambua pia si rahisi. Kile kimashine cha kuchoma kidole kinasema sukari iko juu, basi. Asubuhi kabla ya kula, milimoli 7 kwa lita au zaidi humfanya daktari ashuku kisukari na kupima tena, ila aina haionekani hapo. Kuijua kunahitaji kupima kingamwili, na kupima peptidi-C, chembe inayotoka kwenye kongosho pamoja na insulini na kuonyesha ni kiasi gani mwili unajitengenezea wenyewe. Vipimo hivyo havipo katika vituo vingi vya afya vya vijijini. Ipo dalili moja inayosaidia: mgonjwa wa aina ya 5 anaweza kuwa na sukari ya juu sana bila damu yake kujaa ketoni, zile asidi zinazomlaza hoi mgonjwa wa aina ya 1 aliyekosa insulini.

Kwa hiyo mtu mwembamba mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mara nyingi na kuzidi kukonda, apimwe sukari pamoja na virusi vya Ukimwi na kifua kikuu, vyote kwa safari moja. Na aliyekwisha kuanza dawa asiache wala kubadili kipimo chake kwa kusoma makala hii. Aende kliniki na maswali mawili: je, mmejuaje kwamba hii ndiyo aina yangu, na nikikosa mlo wa mchana, nifanye nini na sindano yangu?